Jibu Lililokatwa Kwenye Filamu

Wewe unayesoma, hebu nisikilize kidogo, na tafadhali usinikatize kwa kuniambia kwamba filamu ni filamu tu. Najua hoja hiyo. Wanafunzi wangu huniletea kila muhula, wakitaka niwaruhusu kuangalia badala ya kusoma. Nimefundisha fasihi Kenya na sasa naifundisha hapa Juba, na kwa kawaida mimi si mtu wa hasira. Lakini jambo hili limenikasirisha, na nitakueleza taratibu kwa nini.

Jumamosi alasiri tunakutana wanawake wachache katika chumba nyuma ya kanisa, mtaa wa Kator, tunasoma riwaya. Wengi wetu ni Wakenya. Mmoja ni dada wa hapa hapa Juba. Alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya, akasoma huko, akarudi na Kiswahili ambacho ningefurahi kukisikia darasani kwangu. Anafanya kazi mapokezi katika hoteli. Anaposoma huenda polepole, na akifika mahali pazuri hurudi nyuma akapasoma tena, sisi wengine tukimngoja.

Mwaka huu tulikuwa tunasoma riwaya ya zamani ya mapenzi, ya Kiingereza, mojawapo ya zile ambazo watu huziita bora hata kama hawajazifungua. Kisa chake ni rahisi. Binti wa fundi wa saa anapendwa na bwana mwenye shamba. Bwana anamwomba ndoa katika ghala la matunda. Binti naye anampenda, hilo msomaji amelijua zamani. Lakini hamjibu ndiyo. Anamwambia kwamba hajajua bado kama anapendwa yeye mwenyewe au anapendwa kwa kuwa ni msikilizaji mzuri, na anaomba apewe majira ya baridi yote afikirie. Anasema hayo kwa kurasa nyingi, mara kwa woga, mara kwa ukali. Bwana anaondoka. Baridi inapita. Mwishoni binti anatembea mwenyewe hadi shambani, anamwambia ndiyo.

Tulipomaliza sura ya ghala, yule dada wa hoteli alifunga kitabu. Halafu akasema, "Mwalimu, huyu ni mimi."

Alikuwa amechumbiwa. Si kwamba hakumtaka mwanamume. Alimpenda, na alipomtaja alikuwa anacheka bila kujua. Lakini walijuana kwa simu zaidi kuliko kwa macho, na alitaka mvua ziishe kwanza, waonane, wazungumze, azijue hasira zake na utani wake. Na hapa lazima nikueleze desturi ya nyumbani kwao. Wageni wa mwanamume wanapokuja, msichana huitwa na kuulizwa mbele ya wazee. Akinyamaza na kuinamisha kichwa, hilo ndilo jibu, amekubali. Wageni walikuwa wanakuja Jumapili ya wiki iliyofuata.

Aliishi mtaa wa Gurei na mama yake mdogo, ambaye yeye humwita khaltu. Mama huyu alikaa miaka mingi Uganda wakati wa vita, na Kiswahili chake ni cha huko. Yeye hasomi, lakini anapenda hadithi. Basi yule dada alimsimulia riwaya nzima jikoni, na khaltu akampenda sana binti wa fundi wa saa. Akasema msichana yule ana akili, na kwamba atazungumza na wajomba, Jumapili msichana aachwe aseme la moyoni.

Siku chache baadaye khaltu alikwenda kuangalia filamu ya riwaya ile ile.

Ilikuwa inaonyeshwa alasiri katika banda la video karibu na soko lao, banda la mabati lenye viti vya plastiki na jenereta inayonguruma nje. Ndani kuna kijana mwenye maikrofoni anayewasimulia watazamaji kwa Kiswahili kile ambacho wazungu wanasema. Khaltu alirudi nyumbani amefura. Dada alinipigia simu, nikaenda, na nikamkuta yule mama bado anasema.

"Mwalimu, karibu, kaa. Wewe ndiyo nafundisha mtoto yangu uongo?"

"Uongo gani, mama?"

"Mimi iko na macho. Mimi naona hiyo msichana ya kitabu yenu. Kawaja, hiyo mzungu, anauliza yeye, yeye anaangalia chini, kimya! Kesho yake harusi. Keki kubwa hivi. Hakuna baridi, hakuna kungoja. Khalas, kwisha!"

"Khaltu, kwenye kitabu anasema," dada alijaribu.

"Kitabu nani ameona? Filamu watu yote naona. Hata jirani naona. Jumapili utanyamaza kama hiyo msichana, mtoto ya heshima."

Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani. Kesho yake baada ya masomo nilikwenda bandani, nikalipa, nikakaa.

Filamu ilikuwa nzuri kwa macho, siwezi kukataa. Ghala lilikuwepo, matunda yalikuwepo, mpaka vumbi kwenye mwanga wa dirisha. Bwana akapiga goti akauliza. Kisha kamera ikahamia uso wa binti. Binti akainamisha macho. Vinanda vikaanza, vikapanda, vikaendelea kupanda, na tulipotahamaki tuko kanisani na keki inakatwa. Sura ile yote, maneno yake yote, baridi yote, hakuna! Na juu ya vinanda kijana wa maikrofoni alikuwa anapaza sauti: "Mmemwona? Demu wa maadili haongei mingi! Amesema ndiyo kwa moyo!" Banda lote likapiga makofi.

Nilimngoja amalize. Alikuwa kijana mwenye adabu, amelelewa Eldoret, akaniletea kiti.

"Kaka," nikamwambia, "yule binti kwenye kitabu hakukubali. Aliomba muda."

"Wacha! Kweli, madam?"

"Kweli kabisa. Anasema kurasa na kurasa."

"Sasa mimi ningejuaje? Hapo filamu imenyamaza, madam. Ni muziki tu. Nikinyamaza pia, watu wanapiga kelele jenereta imezima." Akajikuna kichwa. "Wale waliitengeneza, wao si walisoma?"

Swali hilo lilinimaliza, kwa sababu alikuwa na haki ya kuliuliza. Yeye alijaza shimo. Waliolichimba walikuwa na kitabu mezani, walikisoma, wakafika kwenye sura ambayo riwaya nzima inaitegemea, wakaona mwanamke anaongea sana, wakaweka vinanda.

Naomba unielewe vizuri hapa. Simtaki mtu wa filamu afuate kitabu neno kwa neno. Riwaya ni ndefu na watu wana shughuli zao. Afupishe safari, aunganishe majirani wawili wawe mmoja, ahamishe shamba lije huku kwetu kando ya mto, awavalishe kitenge, mimi nitaangalia na nitafurahi. Nikipika githeri naweza kutumia sufuria yoyote, jiko lolote, nikaongeza viazi au karoti kama zipo. Lakini nikitoa maharagwe, nimekupa mahindi ya kuchemsha, na nikikuambia bado ni githeri nimekudharau. Kila riwaya ya mapenzi iliyodumu ina maharagwe yake. Mara nyingi ni mahali ambapo mmoja anamwambia mwenzake kitu kigumu. Hapo hapaguswi. Ukipagusa, badilisha jina la filamu, usikope heshima ya kitabu usichokitaka.

Na wanaosema haimdhuru mtu, nawaambia waje Gurei.

Siku ya Ijumaa nilirudi kwa khaltu na kitabu. Nilimwomba anipe muda wa chai moja tu. Akasema chai ipo, maneno sijui. Nikafungua sura ya ghala, nikaanza kusoma, nikitafsiri kila sentensi kwa Kiswahili, na dada akiweka Kiarabu cha Juba pale niliposhindwa. Mwanzoni mama alikuwa anapepeta mchele, hata hatutazami. Tulipofika pale binti anaposema hataki kupendwa kwa ajili ya masikio yake, ungo ukasimama.

"Rudia hiyo."

Nikarudia.

"Anaambia mwanamume hivyo? Machoni?"

"Machoni, mama."

"Na mwanamume iko nakasirika?"

"Anakasirika. Anatoka, anasahau kofia yake."

Mama akacheka mpaka akapiga paja. "Wanaume! Na baadaye natuma mjomba yake kuja kusukuma?"

"Hatumi mtu. Anangoja."

"Baridi yote?"

"Yote."

Mama akaweka ungo chini. Kisha akanyoosha mkono akataka kitabu, akakipindua, akapitisha kiganja kwenye ukurasa kana kwamba maneno yanaweza kushikika. "Sasa hii maneno yote," akasema, na sasa hasira ilikuwa imehamia kwake, "hiyo watu ya filamu napeleka wapi? Nani ameambia wao kufunga mdomo ya mtoto ya watu?"

Nikaendelea kumsomea mpaka mwisho wa sura.

Jumapili sikuwepo, kwa kuwa si mahali pangu. Dada alinisimulia Jumamosi iliyofuata. Wageni walikaa, wazee wakauliza, naye akainamisha kichwa kwa woga. Mjomba mmoja akaanza kusema basi, amekubali. Khaltu akasimama katikati ya wanaume akasema kwamba katika nyumba yake kichwa hakijibu, mdomo ndio unajibu, na wote wangoje. Wakangoja. Dada akasema kwamba anampenda mwanamume huyu, na kwamba anaomba mpaka mvua ziishe. Mjomba alinung'unika. Mwanamume mwenyewe, aliyekuwa amekaa nyuma ya wazee wake, alisema hiyo ni sawa kwake.

Nilifurahi, bila shaka. Wote chumbani tulipiga vigelegele mpaka mlinzi wa kanisa akachungulia. Lakini hasira haijaisha. Bandani wasichana wengi waliiona filamu ile na kurudi nyumbani wakiamini kwamba kitabu kikubwa cha mapenzi kinawafundisha kunyamaza, na hakuna aliyekuja kwao na sura ya ghala. Filamu bado inaonyeshwa. Kijana wa maikrofoni ameniambia siku hizi, vinanda vikianza, anasema binti ameomba muda, na watu wanabishana mpaka harusi. Namshukuru. Hiyo lakini haikuwa kazi yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukienda kuangalia filamu iliyotoka kwenye riwaya ya mapenzi, tafuta riwaya yenyewe, ya kuazima pia inatosha. Itafute sura ambayo mwanamke anaulizwa. Isome kwa sauti, neno kwa neno, kwa yule mtakayeenda naye, kisha ndipo mwende mkaangalie.