Mawe ya Redio ya Mama

Mama yangu ana redio ndogo ya mawe manne. Kwetu betri tunaziita mawe, na mawe ya mama yana alama za meno. Sauti ikianza kulegea huyatoa, huyauma kidogo, halafu huyaanika juu ya bati la banda la kuku na kwenda zake kuchuma chai. Akirudi, redio inasema tena siku mbili tatu. Mimi niliona aibu. Mama mzima, anayeheshimika kanisani, anatafuna betri kama panya.

Nafanya kazi mjini Kericho na nina ugonjwa wa kurekebisha watu. Nikamnunulia mawe manne ya kuchaji pamoja na chaja yake, nikampelekea nyumbani karibu na Litein, nikamhubiria. Haya unanunua mara moja. Unayachomeka Jumapili ukitoka kanisani, basi. Yale mengine yanavuja na kuharibu redio, na ukiyatupa shambani yanaharibu udongo. Yote yalikuwa kweli. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Na hii ikichoka, itaniambia?" akauliza.

Sikulielewa swali. Nikamwambia hayachoki ovyo. Kisha nikakusanya mawe yake yote ya zamani, hata yale ya akiba kwenye kopo la majani ya chai, nikaondoka nayo.

Kwake redio si muziki. Ni matangazo ya vifo. Kila mchana baada ya habari hutua kikapu, hukaa kwenye kigoda na kusikiliza nani ametutoka, anazikwa wapi na siku gani. Na wakati huo alikuwa na jambo lake. Rafiki yake wa usichana, aliyechuma naye chai kwenye shamba kubwa kabla hawajaolewa, alikuwa mgonjwa huko Kimulot. Wawili hao waliahidiana zamani kwamba atakayebaki atamtupia mwenzake udongo kaburini. Mama hakuwa na namba ya simu ya watoto wa rafiki yake, wala wao hawakuwa na yake. Redio ingetosha. Ilikuwa imewatosha maisha yao yote.

Mvua ikaangusha mti juu ya nyaya, wakakaa wiki nzima bila stima upande ule. Mawe ya kawaida hufa polepole: sauti inashuka, mtangazaji anakuwa kama mtu mwenye mafua, nawe unapata siku kadhaa za kutuma mtu dukani. Yangu yalisema kwa nguvu mpaka mwisho, halafu yakanyamaza katikati ya habari za mchana. Mama akafanya alichokijua. Akayauma, akayaanika. Mawe ya kuchaji hayafufuki kwa jua, lakini mimi sikuwahi kumwambia hivyo, kwa sababu sikudhani kuna mtu anayehitaji kuambiwa.

Duka liko hatua chache kutoka kwetu. Angeweza kununua mengine. Hakununua kwa sababu binti yake aliyesoma alimwambia yanaharibu redio, na yeye alinitii. Alingoja stima irudi.

Jumapili, nje ya kanisa, mgeni kutoka Kimulot akamsalimia kwa mikono miwili. "Pole kwa rafiki yako," akasema. "Ijumaa hatukukuona."

Mama alinipigia simu. Nilijua nitagombezwa, na ningefurahi kugombezwa.

"Amezikwa," akasema. "Hii mawe yako inakufa bila kusema. Ile yangu ilikuwa inaniambia."

Nililia nimesimama jikoni hadi chai ikachemka na kumwagika.

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka Kimulot. Tulisimama Litein nikamnunulia pakiti mbili za mawe ya kawaida. Yale ya kuchaji yako kwenye tochi yake sasa, na huko yanafanya kazi vizuri, maana tochi ikizimika ghafla hakuna msiba unaompita. Mama alizishika pakiti mapajani njia nzima.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, kando ya michai. Mvua ilikuwa imeshaushusha udongo. Mama akainama kwa shida, akachota pembeni, akatupa, akachota tena. Watoto wa marehemu walikuwa wamesimama nyuma yetu. Walikuwa na haki ya kujua ni kwa nini rafiki mkubwa wa mama yao hakuonekana siku ya maziko, nami nilikuwa tayari wajue.

"Nisamehe nimechelewa," mama akamwambia rafiki yake kwa sauti ambayo sote tuliisikia. "Redio yangu imezeeka kama sisi. Ilinyamaza tu."

Redio haikuwa na kosa lolote, na yeye alijua. Akanishika mkono kwa kiganja chenye udongo, nimsaidie kuinuka.