Samaki Mwenye Jina la Beberu

Mwishoni mwa miaka ya tisini, pale Sur, Omani, mama yangu aliipangisha nyumba yetu ya chini kwa mwanamke wa Kiholanzi aliyekuja na mumewe, mhandisi. Sisi tulikaa juu. Mama ni mzaliwa wa Unguja, na kila akipata papa mzuri alimpasua, akamtia chumvi na kumwanika darini. Harufu ilishuka mpaka barabarani.

Siku moja mpangaji akapiga hodi. Mama akanifinya mkono.

"Basi tena, anahama huyu. Mwambie samaki tunamwondoa sasa hivi."

Nikatafsiri kwa Kiingereza changu cha shule. Yule mwanamke akatikisa kichwa. Alitaka tu kujua tunaanika nini, maana harufu ilimkumbusha babu yake, mvuvi, aliyekuwa akikausha samaki wadogo kwa moshi.

"Kwetu tunawaita bokking," akasema. "Limetokana na bok." Akaweka vidole viwili kichwani kama pembe, akalia mee.

"Beberu!" Mama akamaka. "Samaki na beberu wapi na wapi?"

"Kwa harufu yake. Wazee walisema ananuka kama beberu."

Mama alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Tangu bibi afariki mwaka ule, sikuwa nimemsikia akicheka.

"Wallahi, wazee wa kwao hawakuficha! Mwambie sisi twamwita ng'onda."

"Na ng'onda limetoka wapi?" mpangaji akauliza.

Mama akaona haya. "Nalisema tangu utotoni, sijapata kujiuliza. Labda ni kukonda. Jua limemkondesha."

Alasiri ile alimpigia simu kaka yake, Ibra. Mjomba kwanza alidhani kuna msiba, maana walizoea kupigiana kwa misiba tu. Kisha wakabishana saa nzima, wasikubaliane. Toka hapo ikawa kila Ijumaa mjomba anapiga na neno jipya, na mimi nikaanza kuyaandika daftarini. Mpangaji alikaa nasi miaka mitatu, na papa wa nazi alimla kutushinda.

Idi moja, miaka mingi baadaye, mama na mjomba walikuwa wakigombania asili ya neno "sahani" mbele ya wali. Binti yangu, ambaye Kiswahili chake ni nusu Kiarabu na ambaye hukimbia akisikia mtu anaongea Kiswahili, alisogeza mkeka wake karibu nao.

"Babu," akamwambia mjomba, "na mimi nipe neno."