Tone la Damu la Mama, Huko Uru

Nilipanda Uru, kijijini kwetu mlimani juu ya Moshi, kwa sababu ya mama. Mwaka mzima mimi na wenzangu tulikuwa maabara Dar tukiunda kifaa rahisi cha kupimia sukari. Unaweka tone la damu kwenye kijikaratasi chenye kimeng'enya, sukari inazaa umeme kidogo, mshale unapanda. Mama ana kisukari, na zahanati ya kule haina kipimo. Mimi naye tulikuwa tumekubaliana kwa barua kwamba sukari ikiwa juu, anahamia kwangu. Moyoni nilitaka aje. Chumba changu cha Dar kimya chake kilinichosha.

Ubungo, alfajiri. Vijikaratasi havipendi joto, nikavifunga kwenye nailoni na kuvitia katika chupa ya chai yenye barafu. Jirani yangu wa basi akaniomba nimmiminie!

Same, mchana. Kuanzia hapo huwa nautafuta mlima dirishani. Siku hiyo ulikuwa umefunikwa, nami nikanuna hadi Himo.

Uru, jioni. Mama alikuwa anamenya ndizi mbivu za mbege, pombe yetu ya ndizi, maana mtoto akirudi majirani nao lazima wanywe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekonda, aisee! Huko Dar mnakula nini?"

Kwa pupa nikamchoma kidole hapohapo. Mshale ukaruka hadi mwisho.

"Mama, kesho tunaondoka wote."

Akatazama migombani, lilipo kaburi la baba. "Na huyu namwachia nani?" Hakubisha zaidi, ahadi ni deni. Akanawa mikono kwenye karai, akaanza kukunja kanga zake.

Karai ndilo lililonishtua. Mhandisi mzima, tena niliyezaliwa kwenye kihamba hiki, shamba letu la migomba, nilikuwa nimepima sukari ya ndizi! Nikamchoma kidole kingine, kilichooshwa. Mshale ukasimama kwenye alama ya salama. Nikarudia, ukasimama palepale.

"Kwa hiyo nabaki?"

"Unabaki, mama."

Alicheka hadi akakaa chini, kisha akazirudisha kanga sandukuni.

Stendi ya Moshi, asubuhi. Nilikuwa nimemwachia mama kifaa, na juu ya maelekezo nimeandika kwa herufi kubwa: NAWA MIKONO KWANZA. Hilo maabara haikunifundisha. Basi lilipoondoka mlima ulikuwa wazi, mweupe wote. Kifaa changu kilikuwa kimesema kweli, nami nilijivunia. Lakini njia nzima, kiti cha pembeni yangu kikiwa kitupu, nilitamani kingekosea hata mara ya pili.