Upepo Ulioandikwa Hospitalini

Mimi ni mfagiaji wa bweni la wasichana hapa Ipoh, Malaysia, mwaka wa kumi na tisa huu, na wanafunzi wa kila taifa nimewafagilia. Wanaonichosha zaidi ni wa kwetu Java, Indonesia. Mkanyage Mjava mguu, atakuomba radhi kwa kuuweka pale. Na katika hao wote hakuna aliyenichosha kama Wilujeng wa chumba namba kumi na nne, binti wa wakulima wa viazi kutoka Wonosobo.

Wilujeng hakuwahi kumwambia mtu hapana. Mwenzake wa chumba aliazima pasi yake akaifanya mali yake, na Wilujeng akavaa nguo zenye mikunjo muhula mzima. Alipofika mwaka wa kwanza alipewa kadi ya bima ya afya, maana huku mwanafunzi mgeni asiye na bima hasajiliwi. Kadi akaichomeka nyuma ya simu. Kijitabu cha bima akakikunja akakitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Nilimuuliza kama amekisoma, akacheka.

"Bima ni ya wagonjwa, Bu," akaniambia. Bu ndivyo wanavyoniita, yaani mama.

Jumanne moja asubuhi nilimkuta amejikunja sakafuni, ameshika tumbo upande wa kulia. Akasema upepo umemwingia. Kwetu kila kitu ni upepo: mafua ni upepo, kichwa ni upepo, hata huzuni. Nami, mtu mzima na mvi zangu, nikafanya alivyokuwa akifanya mama yangu: nikampaka mafuta ya mkaratusi mgongoni, nikamkwangua kwa sarafu ili upepo utoke, mpaka mistari myekundu ikajitokeza. Ilipofika saa tano hakuweza kusimama wima. Nikaita teksi, huku najilaani.

Kwenye dirisha la bima pale hospitalini alikaa bwana mmoja mnadhifu aitwaye Fadhlan. Akatueleza kwamba kadi peke yake haimlazi mtu. Daktari ataandika maelezo, maelezo yatatumwa kwenye kampuni ya bima, na kampuni ikiridhika italeta barua ya dhamana. Barua ikija, mgonjwa anapewa kitanda.

Daktari Letchumi, mama mmoja mwenye haraka, akambonyeza tumbo, akamuuliza maumivu yameanza lini. Nilikuwa nimesimama palepale. Ningejua, ningemziba mdomo. Wilujeng, jasho linamtiririka, akatabasamu kwa adabu zote za Wonosobo.

"Ni upepo tu, Daktari. Nimeuzoea tangu utotoni. Samahani kwa kukusumbua."

Daktari akaandika kama alivyoambiwa. Vipimo vikaonyesha kidole tumbo kimevimba, na kinatakiwa kukatwa siku hiyohiyo kabla hakijapasuka. Saa nane jibu la kampuni likarudi: hakuna barua. Mgonjwa ameumwa tangu utotoni, kabla ya bima, na bima hailipii ugonjwa wa zamani. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Fadhlan akaja na karatasi mpaka kwenye kitanda cha magurudumu. Mgonjwa akubali kwamba ugonjwa wake ni wa zamani, kisha atafutiwe nafasi hospitali nyingine. Nafasi yenyewe itapatikana lini, hakujua.

"Tia sahihi hapa, mdogo wangu, tuyamalize," akasema kwa upole.

Wilujeng akapokea kalamu. Nikajua atatia, kwa sababu nilimjua. Akasoma karatasi kutoka juu mpaka chini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, halafu akairudisha kalamu.

"Sitii sahihi. Kaka, kidole tumbo kilichovimba tangu utotoni si kingekuwa kimeshanizika Wonosobo? Nilisema upepo. Hayo ni maneno ya nyumbani kwetu, si ugonjwa."

Fadhlan akamjibu kwamba yeye anafuata kilichoandikwa.

"Basi na mimi ninacho kilichoandikwa." Akanigeukia. "Bu, kaniletee kile kijitabu chini ya meza. Na ripoti yangu ya kupimwa, iko kwenye droo."

"Meza itayumba," nikasema, sijui kwa nini.

"Iyumbe."

Nilikwenda na kurudi kwa teksi, nikimgombeza dereva kwa kila taa nyekundu. Alikipokea kile kijitabu, kina alama ya mguu wa meza kwenye jalada, akatafuta ukurasa wa magonjwa ya zamani, akausoma kwa sauti mbele ya watu. Ugonjwa wa zamani ni ule uliogunduliwa au kutibiwa na daktari kabla bima haijaanza. Kisha akafunua ripoti. Wiki ile aliyofika Malaysia walimpima, kama wanavyowapima wanafunzi wageni wote: damu, mkojo, kifua, na tumbo wakalibonyeza. Mzima, na mhuri juu yake.

Daktari Letchumi aliitwa. Akasoma, akakunja uso, akauliza kwa nini hakuambiwa mapema.

"Uliniuliza, Daktari, nikakujibu kwa adabu," Wilujeng akasema. "Niulize tena."

"Haya. Maumivu yameanza lini?"

"Leo, saa mbili na robo asubuhi, nikivaa viatu. Sijawahi kuumwa hivi tangu nizaliwe. Naomba uandike hivyohivyo, na ufute ule upepo."

Daktari akaandika maelezo mapya, akayatia sahihi, akaambatanisha na ripoti. Fadhlan akayatuma tena. Saa kumi kasoro robo barua ya dhamana ikafika, na Wilujeng akasukumwa kupelekwa chumba cha upasuaji. Mimi nilibaki na viatu vyake mapajani, nikilia kwa hasira na kwa furaha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumelelewa kuyaficha tukisema ni heshima.

Kesho yake asubuhi muuguzi alikuja na kalamu yake, akamuuliza maumivu ni kiasi gani, kutoka moja mpaka kumi. Niliona lile tabasamu la zamani linaanza kupanda usoni. Nikamkazia macho. Likashuka.

"Nane," akasema. "Na uandike nane, dada. Usiandike kidogo."