Jina Alilolazimishwa Dada

Dada yangu alipoanza kuvimba miguu, ukweni kwake Iramba walifurahi. Mama mkwe wake aliwaonyesha majirani: mnaona, kwetu anakula akashiba. Ilikuwa miaka ya soko huria, mitumba imejaa minadani, na viatu alivyonunuliwa na mumewe havikumwingia tena. Hilo nalo mama mkwe alilisimulia kwa majivuno. Dada akilalamika kwamba kichwa kinamgonga na macho yana ukungu, aliambiwa mimba si ugonjwa.

Asubuhi moja mimi na mama tulikwenda kumsalimia. Akaanguka uani mbele yetu. Mwili ulikakamaa, ukatetemeka, povu likamtoka likiwa na damu kwa sababu alikuwa ameung'ata ulimi. Kwa jirani lilikuwepo lori la mnunuzi wa alizeti likipakia magunia, na dereva akakubali kumwahisha hospitali. Tulimbeba hadi kwenye lori. Mama mkwe alikuwa ametutangulia, amesimama palipo na nafasi ya kupandia.

"Hapandi mpaka ataje," alisema. "Mwenye mimba akipata taabu namna hii, ana mwanamume wa nje. Akimficha, atakufa na mtoto wa mwanangu."

Mume wa dada alikuwepo. Alikuwa anaangalia matairi. Nilimchukia siku ile na sijaacha.

Dada alizinduka kidogo, hajui hata yuko wapi. Mama, aliyetulea kwa fimbo ili tusiseme uongo, alimwinamia sikioni.

"Mwanangu, taja yeyote. Taja tu, twende."

Akamtaja fundi baiskeli wa mnadani, mzee wa watu ambaye aliwahi kumzibia pancha. Mama mkwe akatupisha.

Njiani alikakamaa tena, na tena. Hospitali muuguzi alimpima presha, akatazama ile miguu, akatuuliza tulikuwa tunangoja nini. Kifafa cha mimba, alisema, na dalili zake tulikuwa tunaziona kila siku. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, mdogo kama kifaranga, hana nguvu hata za kunyonya. Dada hakuamka.

Wakwe walikataa kumzika, na mtoto wakamkataa. Si mama yake alikiri mwenyewe, mbele ya watu? Mama alieleza, aliapa, alipiga magoti. Walimsikiliza wakipepeta mtama wao. Tukarudi kwetu na maiti na kichanga, na mama akamlea kwa maziwa ya kijiko.

Sasa ni kijana, na amefanana na baba yake mpaka inaniudhi: paji lilelile, mwendo uleule wa kuburuza mguu. Juzijuzi tulikutana barabarani na yule bibi, mama mkwe wa dada. Kijana akampa shikamoo. Bibi alimkagua polepole kuanzia paji hadi miguuni, na nikajua ameona.

"Marahaba," akamjibu. "Mama yako angenyamaza, leo ungekuwa mjukuu wangu."