Hapana Tatu za Muuguzi wa Ayalandi

Kwetu Kamina mgeni haulizwi kama anataka kula. Analetewa maji ya kunawa, analetewa bukari, ugali wetu, basi anakula. Ndiyo maana ilinichukua wiki tatu kumwelewa muuguzi wa Ayalandi, ambaye nilikuwa karani wake pale zahanati. Nilimuuliza kama atakunywa chai, akasema hapana, asante, usijisumbue. Nikarudisha birika jikoni. Macho yake yalilifuata birika hadi mlangoni. Mwishowe alinieleza mwenyewe, akicheka kwa haya: kwao hapana ya kwanza ni adabu, ya pili ni adabu zaidi, na baada ya swali la tatu ndipo mtu anatoa jibu. Nikamuuliza ni watu wangapi hufa njaa huko. Akasema ni wachache, kwa sababu wote wanajua kuhesabu.

Pia kwao mtu huanza na hali ya hewa kabla ya neno lingine lolote. Hilo nalo nililizoea, mpaka vita vilipokuja.

Mwaka ule wanajeshi walihamisha familia zao kutoka kituo cha jeshi, na mji ukawa mtupu kabla hatujasikia risasi hata moja. Asubuhi moja nilipita kwa jirani. Mlango ulikuwa wazi, sufuria ya maharagwe ikichemka juu ya makaa, na ndani hakuna mtu. Niliita mara mbili. Hata kuku hawakuwapo. Nilikuwa namsimulia muuguzi jambo hilo wakati upande wa mji wa Kabongo ulipotoa mngurumo mzito, uliotikisa vioo vya kabati la dawa. Angani hakukuwa na wingu. Akatazama dirishani.

"Labda mvua itanyesha mchana," akasema.

Nikajibu kwamba mashamba yanaihitaji. Hatukutazamana.

Tangu Jumapili alikuwa na barua mfukoni: mama yake alikuwa anakufa, na alimwita arudi nyumbani. Wagonjwa wetu walikwisha kuchukuliwa na jamaa zao. Ndege ya mwisho ya jeshi ingeondoka saa nane, na nafasi ilibaki moja. Nilimbebea sanduku mpaka uwanjani. Majani yalikuwa yameota kwenye nyufa za saruji. Watu walipanga mstari bila kuongea, na hata watoto wachanga migongoni hawakulia.

Ofisa mwenye orodha akamuuliza, "Mama, unaenda ao unabakia?"

"Hapana, hapana," akasema. "Mpeni mwingine. Mimi niko sawa kabisa."

Ofisa akafuta jina lake kwa kalamu, akaanza kutafuta wa kumpa nafasi. Muuguzi akawa mweupe kuliko kawaida yake. Alibaki amesimama pale pale, tabasamu halijamtoka usoni, akisubiri swali la pili. Nikamfuata ofisa, nikamweleza polepole, kama ninavyokueleza wewe.

"Mama, mu vita tunaulizaka mara moja," ofisa akaniambia.

"Kwabo njo mara tatu, baba. Mama yake iko anakufa. Umuulize tu tena."

Mtu mmoja katika mstari akacheka, kisha akanyamaza ghafla kama aliyezibwa mdomo. Ofisa akarudi, akamuuliza kama kweli haendi. Akajibu kwamba asingependa kuwasumbua. Ofisa akanigeukia, nikamwonyesha kidole kimoja: bado mara moja. Mngurumo ukaja tena, sasa karibu zaidi.

"Mama," akasema kwa upole ambao sikuutegemea, "ya tatu njo hii. Unaenda?"

"Basi, kama hakuna usumbufu," akasema, akaanza kulia.

Kuaga nako, kwao, hakuishi mara moja. Alisema kwaheri kwangu, kwa ofisa, kwa mstari mzima, kwangu tena kwenye ngazi, mpaka askari akamvuta ndani kwa mkono. Mlango ukafungwa, injini zikameza sauti zote. Ndege ilipogeuka mbele yetu nilimwona nyuma ya kioo kidogo, ananitazama, midomo yake inasogea bila sauti. Sijui alikuwa amefika kwaheri ya ngapi. Midomo ilisogea hivyo hivyo mpaka vumbi likamficha.