Jicho la Kushoto

Kwa miaka mitatu jicho langu la kushoto lililia bila kuniomba ruhusa. Mimi ni mchinja mbuzi, nina bucha hapa Gachoka, na sijui kazi isiyofaa mtu wa machozi kuliko hiyo. Nikikata mbavu, chozi. Nikipima matumbo, chozi. Wateja wakapata la kusema: "Mzee, kwani huyu mbuzi alikuwa wa ukoo wenu?" Kina mama ndio walionimaliza kabisa. Wakiona shavu limeloa wanajua moyo umelainika, wanadai kipande cha nyongeza, nami nakata ili waondoke. Huku kwetu mvua ni ya kubahatisha, na jirani yangu muuza makaa alipenda kutangaza kwamba jicho langu ndiyo chemchemi pekee isiyokauka Mbeere nzima. Nilimwambia alete mtungi.

Mke wangu hakutania. Kila asubuhi alinitilia kitambaa safi mfukoni, na jioni alikitoa kimelowa, akakifua na kukianika. Mara moja tu aliniambia nikaonane na daktari. Nilimfokea kwamba naona vizuri, hata nzi aliye juu ya mbuzi ng'ambo ya barabara namwona. Na ilikuwa kweli. Shida yangu haikuwa kuona, ilikuwa kuonekana.

Kisha wakaja athoni, yaani wakwe. Binti yetu wa mwisho alikuwa amependana na mwalimu anayefundisha Kiritiri, kijana wa Meru, kule juu kwenye baridi. Wazee wake wakashuka na viazi, ndizi na mbuzi wawili. Niliwatazama mbuzi kwanza, kazi ni tabia, nikaona ni wanono. Wao wakisema Kimeru nasi Kimbeere tunasikizana nusu, na nusu nyingine ndiyo huleta ugomvi, kwa hiyo tukaongea Kiswahili. Msemaji wao, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, alisimama akasema wameona ua zuri katika boma letu. Binti akaitwa, akaulizwa kama anawajua wageni hawa.

"Nawajua," alisema.

Hapo jicho likafunguka. Nikapangusa, likajaa tena. Nikapangusa, likashuka mpaka kidevuni. Huku kwetu mwanamume halii mbele za watu, na akilia mbele ya wakwe basi ana neno moyoni. Msemaji akaketi polepole.

"Wazee, msijali," nikasema. "Huu ni ugonjwa. Ni hili jicho la kushoto tu."

Alinitazama kwa huruma iliyonikasirisha sana. "Mzee wetu," alisema, "hata sisi tumepeana wasichana. Hiyo ugonjwa tunaijua."

Mke wangu akaapa kuwa ni kweli. Wakamwitikia kwa heshima, kama mtu anavyomwitikia mke anayemfunika mumewe. Walikunywa chai, wakasema msichana hachukuliwi baba yake akiwa analia, watatupa muda, tukitulia tuwaite. Wakaacha viazi na ndizi. Mbuzi walirudi Meru.

Binti yangu aliosha vikombe vyote. Kisha akaja akasimama mbele yangu. "Baba, kama humtaki, sema tu."

"Namtaka!"

"Sasa unalia nini?"

"Silii!" nikanguruma, na shavu likiwa limeloa chepechepe. Aliingia ndani akafunga mlango. Hakuwahi kunifungia mlango tangu azaliwe, na jambo hilo liliniuma kuliko maneno ya wakwe wote.

Kesho yake nilienda hospitali, Embu. Daktari alikuwa mwanamke kijana, rika la binti yangu. Kwenye kona ya jicho, kumbe, kuna kitundu, na hapo alipitisha maji ya chumvi kwa kisindano butu. "Ukisikia chumvi kooni, mzee, uniambie." Nikangoja. Maji yakarudi yalikotoka, yakateremka shavuni pamoja na machozi. Akasema mfereji umeziba. Machozi ya watu wengine hushukia puani kimyakimya, yangu hayana njia. Ni operesheni tu: atachanja kidogo kando ya pua, atoe kipande cha mfupa, afungue njia mpya na kuweka kamrija kwa wiki kadhaa. Nitapewa dawa ya usingizi. Na kuanzia usiku wa kuamkia siku hiyo, nisile chochote.

Hapo ndipo nilipochukua kofia yangu nikaondoka. Mimi najua maana ya kulazwa na njaa. Mbuzi wa kuchinjwa kesho halishwi leo.

Nilifika nyumbani nikatangaza kwamba siendi. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Mkuki kwa nguruwe," alisema, wala hakujisumbua kumalizia.

Nikawa mtu wa visingizio. Wiki hii kuna mnada wa mbuzi. Wiki ijayo kuna mazishi, watu watataka nyama. Binti yangu hakunisukuma. Alikuwa akienda kuongea na mwalimu wake kwa simu kando ya ua, na mazungumzo yale yaliyokuwa yakinichelewesha chakula yakaanza kuwa mafupi. Siku moja aliongea kidogo sana, akakaa pale akishika simu. Niliona. Nimesema macho yangu yanaona.

Jumapili moja alitupikia supu ya kichwa. Tulipomaliza nilibaki na fuvu mkononi, nikilichokonoa. Nimepasua vichwa vya mbuzi kwa shoka zaidi ya miaka ishirini, na siku hiyo ndiyo niliona, kwenye ukingo wa shimo la jicho, kitundu kidogo. Nikachomoa njiti ya ufagio nikaipitisha. Ilizama, ikazama, ikatokea puani. Nikamwita binti yangu.

"Tazama. Njia yenyewe ndiyo hii."

Aliichukua njiti, akaivuta na kuisukuma. "Na yako imeziba wapi?"

Nikamwonyesha. Alileta kidole chake kikinuka vitunguu, akakiweka kando ya pua yangu, pale pale ambapo kisu kingepita. Kisha akarudi kupapasa fuvu mahali hapo hapo. "Baba, hii mfupa ni nyembamba kama ganda la yai."

"Naogopa," nikasema. Nimelea watoto wanne na hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo kinywani mwangu.

Hakucheka. "Nitakupeleka mimi," alisema.

Akanipeleka. Alishika kofia yangu na viatu vyangu, nami nikalala na njaa yangu kama mbuzi mwingine yeyote. Nilipozinduka, uso umefungwa pamba, niliuliza kama jicho lipo. "Lipo," mke wangu akajibu, "na mdomo pia upo." Nikaambiwa nisipenge kamasi kwa muda, jambo ambalo kwa mtu wa hasira ni adhabu. Kamrija kalipotolewa, daktari alipitisha tena maji yake, na mara nikasikia kitu kikishuka kooni, kama supu.

"Chumvi!" nikapaaza sauti. "Chumvi, daktari!" Waliokuwa kwenye benchi nje lazima walishangaa ni chakula gani kinachopikwa humo ndani.

Tukawaita wakwe. Walikuja na mbuzi walewale, wamenona zaidi. Nilijikalisha kwenye mwanga makusudi, na mke wangu, kwa mara ya kwanza, hakunitilia kitambaa mfukoni. Binti akaulizwa kama anawajua wageni. Akasema anawajua, na kwamba kama baba amekubali, yeye amekubali. Nikasimama na uso mkavu kama njia ya Kiritiri mwezi wa pili, nikasema namtoa kwa moyo mweupe. Tukashikana mikono. Mbuzi wakaingizwa zizini kwangu, jambo likaisha.

Chakula kikaletwa. Binti yangu alipita akinawisha wageni mikono, mmoja baada ya mwingine, akafika kwangu mwisho. Alimimina maji, kisha, mbele ya wazee wote, akaweka kidole kando ya pua yangu, kwenye kovu, kama siku ile ya fuvu. Akapita.

Nilijiinamia juu ya sahani. Jicho langu la kushoto lilikuwa kavu kabisa, daktari ana mkono. Lakini nilihisi kitu cha moto kikiteremka shavuni, nikapapasa mfukoni, na mfuko ulikuwa mtupu. Yule msemaji mrefu aliyeketi karibu nami alitoa kitambaa chake akanisogezea chini ya meza. Aliinama, akaninong'oneza:

"Mzee wetu, si ulisema ni hii ingine?"